Chapati Iliyokunjwa ni Sandwichi, na Sirudi Nyuma

Nimeaibika leo. Tena mchana kweupe, tena Uyole, mbele ya kijiwe kizima cha bodaboda. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana najua Mama Neema fundi cherehani ameshapiga simu hadi Kyela. Ila tuelewane toka mwanzo. Kuaibika nimeaibika. Kushindwa sijashindwa.

Kwa wasionijua, mimi ni binti wa Nyololo, Mhehe wa baba na mama, nimeolewa na Mnyakyusa. Mume wangu anaitwa Lusajo. Tuna mtoto mmoja, Atupele, ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Nauza vitafunwa pale Mwanjelwa, meza moja, jiko moja la mkaa, mwavuli mmoja. Nachoma chapati, naweka yai, parachichi, kachumbari na pilipili kidogo, naikunja, nakukabidhi. Bango langu limeandikwa SANDWICHI ZIPO. Mchoraji aliweka na picha. (Picha imetoka kama kandambili, lakini hayo tuyaache.)

Sasa kuna jambo lazima mlijue, bila hilo hamtaelewa nilivyoingia mkenge. Kwa kina mume wangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Wengine siku hizi wamelegeza, wanasalimiana na maisha yanaendelea. Sisi hatujalegeza. Baba mkwe akija nyumbani anaanza kukohoa nje, mara mbili, kikohozi kizito cha kusafisha koo, ili nijue. Mimi hapo hapo mbio jikoni, mlango nafunga. Chakula napika mimi, anapeleka wifi. Shikamoo yangu anaipeleka wifi, na marahaba inarudi na wifi.

Siku ya harusi yetu alikuwa anaumwa mgongo, hakuja. Picha yake niliyowahi kuiona ni moja, iko ukutani kwa mama mkwe: kijana mwembamba kavaa suruali ya bugaluu, nywele kichuguu. Picha za kwenye simu, wifi akinionyesha anaweka dole gumba juu ya sura ya baba yake. (Nimeshamwona mama mkwe mara nyingi sana amekaa karibu na dole gumba.) Kwa hiyo muda wote wa ndoa yangu, baba mkwe namjua kwa vitu viwili tu. Kikohozi, na viatu vya kahawia vilivyolika kisigino, ninavyoviona chini ya mlango wa jikoni.

Na msidhani naidharau mila hiyo. Mzee ananiheshimu. Kila akija kutoka Tukuyu lazima kuwe na mkungu wa ndizi, na lazima wifi atumwe jikoni kuniambia kwamba ndizi hizo ni za mkwe. Nampenda mzee wa watu. Basi tu sijawahi kumwona.

Baba mkwe huyo ana fremu za maduka pale Uyole, kando ya barabara kuu. Moja alikuwa anakaa kinyozi, amehama. Na mimi fremu hiyo naitaka hadi naiota. Masika yaliyopita mwavuli wangu ulipeperuka nikiwa na Atu mgongoni, tukalowa wote wawili, mtoto akashikwa na kichomi tukalazwa naye. Nilikaa pale wodini nikimsikiliza anavyovuta pumzi, nikasema basi, mvua hii hainipati tena nje. Sitaki makubwa. Nataka paa na mlango.

Tatizo kuna jamaa wa spea za pikipiki naye anaitaka. Baba mkwe akasema hampi mtu yeyote mpaka aje mwenyewe, aonje hicho ninachouza. Mpango ukawekwa. Leo saa nane mchana Lusajo akampokee stendi, wakae nyumbani, wifi apeleke chapati zangu, mzee aonje, mume wangu aongee. Mimi jikoni, mlango nimefunga. Ulikuwa mpango mzuri kabisa.

Aliyeuharibu ni mimi.

Asubuhi nilijisemea, kwa nini nisiende kujaribu eneo? Nijue wateja wa Uyole wakoje. Nikamwachia wifi mtoto, nikakodi guta la mizigo, nikabeba meza, jiko na bango, nikajipanga kwenye kibaraza cha ile fremu iliyofungwa. Lusajo sikumwambia. (Angenikataza. Ndiyo maana sikumwambia.) Mama Neema, anayeshonea fremu ya jirani, aliniuliza kama mwenye fremu amekubali. Yeye naye ni mpangaji wa baba mkwe, ila mambo yake yote anamalizana na Lusajo, mzee mwenyewe hamjui hata sura. Nikamjibu asijali, mwenye fremu ni mtu wa kwetu.

Na biashara ilikubali, jamani. Baridi ya Uyole mnaijua, mtu anataka kitu cha moto mkononi. Bodaboda walijaa. Nikaanza kuona kwa macho yangu kabati langu litakaa wapi, jiko wapi, Atu atalala wapi mchana. Nilikuwa nimeshapaka hadi rangi kichwani.

Saa nne hivi likasimama lori la viazi, akashuka mzee. Mabuti ya mvua hadi magotini, yana tope. Koti refu. Kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Mkononi kabeba kiroba. Akaja moja kwa moja kwenye meza yangu. Nikamwamkia vizuri, akaitikia vizuri. Akasoma bango. Akatazama kikaango. Akasoma bango tena.

"Sandwichi ziko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha ile iliyokuwa motoni. Akainama akaitazama, akanyanyuka, akasema hiyo ni chapati.

Nikamwelewesha kwa upole kwamba ni chapati yenye vitu ndani, imekunjwa, kwa hiyo ni sandwichi. Akanielewesha na yeye kwa upole kwamba sandwichi ni vipande viwili vya mkate, kingo zake zimekatwa, katikati kuna kitu, halafu unaikata kona kwa kona. Akasema ujana wake wote alikuwa mpishi kwenye behewa la chakula la treni, na hajawahi kumpelekea abiria chapati akaiita sandwichi. Abiria angeshuka.

Sasa mimi ningenyamaza. Mzee mgeni, amekaa juu ya viazi asubuhi nzima, mpe chakula chake aende. Lakini niliona bodaboda wanatusikiliza. Na bango nimelilipia.

Nikamuuliza, je, mkate mmoja ukikunjwa katikati na yai ndani? Akasema huo ni mkate uliokunjwa. Nikamuuliza, andazi likipasuliwa likawekwa maharage? Akasema hilo ni andazi limeonewa. Nikachukua chapati mbili nzima, nikaweka yai katikati, nikazibana mbele ya macho yake. Nikamwambia haya, vipande viwili hivi hapa, na kitu katikati hiki hapa.

Akafikiri kidogo. "Chapati mbili zimekutana na yai," akasema.

Kijiwe kikaangua kicheko. Na wao sasa wakaingia. Mmoja akasema kwa maelezo yangu, basi mtoto aliyebebwa mgongoni na kitenge juu naye ni sandwichi. Mama Neema akatoka na futi yake shingoni, akauliza, na abiria aliyepandishwa pikipiki moja katikati ya dereva na gunia la mkaa? Wakamjibu hiyo siyo sandwichi, hiyo ni mshikaki. Wakapigana mikono. Nikaona kabisa mzee anashinda, na hacheki hata, amesimama tu na kiroba chake kama mwenye haki.

Damu ikachemka. (Mnajua kwetu.) Nikamkunjia moja ya nguvu, parachichi hadi linachungulia, nikamshika mkono, nikambandikia kiganjani. Nikamwambia ale kwanza ndiyo abishe, maana anabisha na njaa.

Akala. Akala taratibu, macho yake yanatazama barabarani. Akamaliza yote, akalamba kidole.

"Tamu," akasema. Nikanyoosha mikono juu kwa ushindi. "Tamu sana. Sijala chapati tamu namna hii siku nyingi."

Wenzangu, hapo ndipo mdomo wangu ulipoachana na mimi.

Nikamwambia, "Mzee, ningekuwa na baba mkwe mbishi kama wewe, hiyo ndoa ningeshaiacha. Ningerudi Nyololo kwa miguu."

Wala hakukasirika. Akasema kumbe mimi ni Mhehe, ndiyo maana. Akasema na yeye mwanawe ameoa huko huko, tena amempata binti mtulivu, mpole, miaka yote hii hajawahi hata kuisikia sauti yake. Akanishauri nimtafute nijifunze kwake.

Nikamjibu kwamba huyo mkwe wake hana upole wowote, anamwogopa tu.

(Nipeni muda kidogo. Nikiandika hapa mwili unasisimka.)

Basi akawa amemaliza, akajifuta mikono, akanyoosha kidole kwenye bango langu. Akasema chakula kizuri, lakini bango hilo litoke kibarazani, linadanganya watu. Alisema kama mtu mwenye mamlaka. Na mimi nilikuwa nimemngoja hapo hapo. Nikashika kiuno, mwiko mkononi, nikaongea kwa sauti ili hata wa ng'ambo ya barabara wasikie.

"Litoke, alitoe nani? Unaijua hii fremu ya nani? Ni ya baba mkwe wangu. Baba yake Lusajo. Anakuja leo leo, na akikukuta unamwonea mkwe wake hapa, utanikumbuka."

Mzee akanitazama, kwa mara ya kwanza kabisa akanitazama usoni, na mimi nikamtazama, sijui hata nusu dakika ilifika. Halafu akageuza uso pembeni haraka.

Akakohoa. Mara mbili.

Miguu yangu ilielewa kabla yangu. Kikohozi kile kikilia, miguu inakimbilia jikoni, ndivyo ilivyozoea. Sasa jikoni kwenyewe ndiyo hapo kibarazani, na hakuna mlango. Nikazunguka mara moja, nikazunguka tena, nikaingia chini ya meza. Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa hadi magoti. Mwiko nilikuwa nao bado.

Nilipochungulia kwenye upindo wa kitenge nikaona yale mabuti. Yameelekea ukutani. Baba mkwe naye alikuwa amegeuka, kaweka pua kwenye mlango wa fremu yake mwenyewe, kola ya koti juu. Yeye haruhusiwi kuniona, mimi siruhusiwi kumwona, na yai linaungua katikati yetu.

Mama Neema, ambaye ni Mnyakyusa wa kuzaliwa na aliyaelewa yote kwa mpigo, akaketi chini kabisa, futi shingoni, akaanza kulia kwa kicheko. Bodaboda mmoja kutoka Chunya hakuelewa, ikabidi aelezwe. Akaelezwa kwa sauti. Nilisikia habari zangu zote nikiwa chini ya meza.

Na hapo, nisiwafiche, nililia. Siyo kwa ajili ya aibu. Nilikuwa naiona fremu inaondoka. Nimemshika mkono baba mkwe wangu. Nimemlisha. Nimemwambia anabisha na njaa. Nimemwambia mkwe wake anamwogopa, na mkwe mwenyewe ni mimi. Nikaona matairi ya pikipiki yamening'inia pale nilipopanga kabati, na mimi na Atu tumerudi chini ya mwavuli, masika yanakuja. Niliuchukia sana mdomo wangu.

Lusajo akafika. Alikuwa amepigiwa simu na utingo wa lori kwamba baba yake hakupanda basi, ameshushwa Uyole tangu saa nne. Akamkuta baba yake ametazama mlango kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, na meza inayotetemeka. Akauliza mke wake yuko wapi. Kijiwe kizima kikanyoosha vidole chini.

Akachuchumaa akanitazama. Nikamwomba ageuze yai.

Basi mazungumzo yakafanyika. Mimi chini ya meza, mzee ukutani, tumetengana hatua chache tu, kila mtu anamsikia mwenzake vizuri. Lakini mila ni mila, kwa hiyo kila neno likapita kwa Lusajo.

Mzee akaanza. "Muulize mwenzako, safari ya Nyololo anaianza leo au kesho?"

Lusajo akainama akaniuliza. Kijiwe kimekufa kwa kicheko. Nikasema ampe baba shikamoo, na amwambie nimekosa, nisamehewe, mdomo wangu hauna breki. Akapeleka. Marahaba ikarudi. Nikasikia mzee anavuta pumzi. Halafu akasema, ametembea nchi hii yote na treni na hajawahi kubishiwa vile na mtu aliyeshika mwiko. Akasema fremu anaweza kunipa. Chakula ameonja, ameridhika. Ila juu ya mlango iandikwe CHAPATI ZA KUKUNJA.

Jamani. Ilikuwa imekwisha. Nilitakiwa kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, nipate paa, nipate mlango. Lusajo alikuwa ananiomba kwa macho, hadi amekunja mikono. Mama Neema ameacha kulia, anasubiri.

Nikafikiria mtoto wangu. Nikafikiria mvua. Nikafikiria lile bango.

"Mwambie baba namheshimu sana," nikasema. "Mwambie kila akija nitampikia, na nitamkimbia mpaka nizeeke. Lakini ile ni sandwichi."

Lusajo hakupeleka. Alibaki pale amechuchumaa, kanitazama kama vile ndiyo ananiona leo. Hakukuwa na haja ya kupeleka, mzee alikuwa amesikia. Magari yanapita, mimi nahesabu tope kwenye mabuti. Mwisho nikamsikia mzee anamnong'oneza mwanawe kitu, Lusajo akaondoka mbio kuelekea dukani, akarudi, akachukua kisu changu mezani bila kuniambia neno. Nikasikia kisu kinafanya kazi kule ukutani, kwenye kigoda cha Mama Neema, polepole. Nikawaza wanagawana chakula waondoke zao. Nikaanza kukunja kitenge nikusanye vitu vyangu nirudi Mwanjelwa.

Ikaingia sahani chini ya meza. Lusajo ndiye aliyeisukuma, na uso wake siwezi kuueleza.

Juu ya sahani kulikuwa na mkate. Vipande viwili, kingo zimekatwa zimenyooka, umekatwa kona kwa kona, kazi safi ya mtu aliyefanya hivyo ujana wake wote.

"Baba amesema hii ndiyo sandwichi," Lusajo akasema. "Amesema ufungue uone ya kwako ina nini."

Nikainua kipande cha juu. Katikati pamelala ufunguo wa fremu.

Nililia upya pale chini, sasa kwa sauti, na sikumjali mtu. Mama Neema naye akalia, vizuri safari hii. Nikaufungia ufunguo kwenye pindo la kitenge. Mkate nikaula, maana chakula cha baba mkwe hakitupwi. (Ulikuwa mkavu. Nasema ukweli.) Halafu nikanyoosha mkono juu ya meza, nikapapasa chapati, nikapapasa yai lililogeuzwa na mume wangu, limeungua upande mmoja, nikaweka parachichi, nikakunja yote nikiwa pale pale chini. Nikampa Lusajo.

"Mpelekee baba sandwichi yake," nikamwambia.

Nikasikiliza. Halafu nikasikia anatafuna.

Jumatatu nafungua, inshallah na Bwana Yesu asifiwe, wote karibuni. Bango liko pale pale na picha yake ya kandambili. Anayetaka kunicheka anicheke, lakini anicheke akiwa amenunua. Na mkifika mkaona jiko linawaka na mimi sionekani, msiulize maswali. Chungulieni chini ya meza, mjue kuna mtu amekohoa.